Kiangazi cha Chumvi: Mbinu za Kupata Maji ya Kunywa Delta ya Rufiji, na za Kuyadai

Kwenye daftari la ofisini, kisima ni kisima. Kikiwa na maji ndani na pampu yake inapanda na kushuka, kinahesabiwa kuwa kinafanya kazi, na watu wanaokizunguka wanahesabiwa kuwa wana maji. Kiongoroni na vijiji vingine vya Delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, vina tatizo ambalo hesabu hiyo hailioni: kisima kinachonyweka mwezi wa Mei kinaweza kisinyweke Oktoba. Mvua zikikatika, mto unapungua nguvu, bahari inapanda nao, na chumvi inapenya hadi visimani. Maji yamejaa mpaka mlangoni, lakini ya kunywa yanafuatwa kwa mtumbwi.

Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu anayeishi huko au anayefanya kazi huko, awe mama mwenye watoto, mwalimu, imamu, mhudumu wa afya wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji. Kazi zilizopo ni mbili. Ya kwanza ni kupata maji salama mwaka huu kwa vifaa vilivyopo. Ya pili ni kuiandika shida yenyewe kwa namna ambayo ofisi haiwezi kuiruka. Nimeona watu wakizitenganisha, hii wakiwaachia akina mama na ile wakiwaachia wanasiasa, na kwa maoni yangu hapo ndipo tunapopoteza.

Uyajue maji kabla ya kuyateka

Wavuvi hawahitaji kufundishwa bamvua na maji mafu, lakini ujuzi huo mara nyingi unabaki kwenye nyavu na haufiki kwenye madumu. Bahari husukuma chumvi mbali zaidi mtoni wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu. Siku za maji mafu, msukumo hupungua. Na ndani ya siku moja, chumvi huwa nyingi maji yakijaa, na hupungua yanapokupwa, kwa sababu hapo maji ya mto ndiyo yanayotawala.

Kwa hiyo kama unategemea mto au mkono wake, panga safari ya maji mwishoni mwa kukupwa, na ikiwezekana ujaze akiba kubwa siku za maji mafu ili siku za bamvua usiende kabisa. Teka juujuu, usizamishe ndoo chini. Maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi na huelea juu yake, hivyo mahali pale pale ndoo iliyozama mita moja na nusu inaweza kutoa maji mengine kabisa. Teka katikati ya mkondo, mbali na mikoko, kwani penye mikoko maji yametulia na yana uchafu mwingi wa majani yanayooza. Nendeni wawili au zaidi, mchana, na tekeni kutoka ndani ya chombo. Rufiji ina mamba na viboko, na anayeinama ukingoni jioni na ndoo mkononi anajiweka hatarini bila sababu.

Kuhusu visima, kosa la kawaida ni kudhani kwamba ukichimba zaidi utayapata matamu. Bara huwa kweli mara nyingi. Delta na visiwani ni kinyume. Mvua iliyonywewa na mchanga hukaa kama tabaka la maji baridi juu ya maji ya chumvi yaliyo chini yake. Ukichimba kupita tabaka hilo unakutana na bahari. Ukivuta kwa pampu yenye nguvu, hata kisima kifupi, chumvi ya chini inapanda kuelekea mahali unapovuta, na ikishapanda huchukua muda mrefu kurudi.

Mbinu inayofaa ni visima vifupi, vipana, kwenye miinuko ya mchanga, na viwe kadhaa badala ya kimoja. Tekeni kidogo kidogo, alfajiri na jioni, mkiviacha vipumue. Kama kijiji kina visima 3, vipeni zamu. Choo kisiwe karibu: mita 30 ni kipimo cha chini kinachotajwa sana, na kwenye mchanga ambao maji yake yako karibu na uso wa ardhi ningependa ziwe zaidi. Kisima kijengewe ukingo uliopanda juu na sakafu ya saruji kukizunguka, ili maji yanayomwagika yasirudi ndani na uchafu wa miguu.

Unajuaje kuwa chumvi imezidi? Ulimi unajua, ila ulimi huzoea. Mtu aliyekunywa maji ya chumvi wiki tatu mfululizo atakwambia ni matamu. Sabuni ni shahidi mwaminifu kuliko ulimi, kwa kuwa ikikataa kutoa povu maji yameshabadilika. Bora kuliko vyote viwili ni kipima chumvi cha mkononi, kile chenye umbo la kalamu kinachotumbukizwa ndani ya glasi na kuonyesha namba. Si kifaa cha gharama kubwa, na kimoja kinatosha kijiji kizima. Namba hiyo ni miligramu za chumvi na madini katika lita moja. Shirika la Afya Duniani linasema maji yaliyo chini ya 600 huwa na ladha nzuri, na yakipita 1,000 huanza kukataliwa na mdomo. Kipima hicho hakioni vijidudu, kwa hiyo maji yanayosoma 200 bado yanaweza kuwa na kipindupindu.

Mvua ndiyo kisima kisicho na chumvi

Nikiulizwa mahali pa kuweka shilingi ya kwanza Delta, nasema juu ya paa. Waswahili wa kaskazini walilijua hili zamani: katika visiwa vya Lamu, ambako visima navyo vina chumvi, watu wamejenga majabia, matangi makubwa ya kukinga mvua, na wakaishi hivyo vizazi kwa vizazi. Delta inapata mvua ya masika na ya vuli, na karibu yote inarudi baharini bila kupita kwenye ndoo ya mtu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 haikudai kibali kuvuna mvua ya paa lako kwa matumizi ya nyumbani.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba inatoa lita 1. Pima nyumba kwa chini, urefu na upana unaofunikwa na paa, usipime mteremko wa bati. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina mita za mraba 48. Ondoa sehemu ya tano kwa maji yanayorukia nje na yanayomwagwa mwanzoni. Mvua za jumla ya milimita 130, ambazo ukanda wa Pwani huzipata ndani ya masika bila taabu, zinakupa karibu lita 5,000.

Sasa geuza upande wa pili. Familia ya watu 6, ikitumia maji hayo kwa kunywa na kupika tu, lita 5 kwa mtu, inahitaji lita 30 kwa siku. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Oktoba ni takriban siku 150. Jumla ni lita 4,500. Yaani simtanki moja la lita 5,000, likijazwa masika na kufungwa kwa nidhamu, linaweza kuivusha familia hiyo kiangazi kizima bila kuonja chumvi. Kufua na kuosha vyombo kubaki kwenye kisima. Nidhamu hiyo ni ngumu kuliko ujenzi, nakiri, hasa siku mgeni anapotaka kuoga na tangi liko pale limejaa.

Asiye na uwezo wa lita 5,000 asikate tamaa. Lita 1,000 zikitengwa kwa kunywa peke yake, lita 2 kwa mtu kwa siku, zinatosha watu 3 kwa zaidi ya miezi 5. Ningeanza na mjamzito na watoto wadogo.

Mambo ya ujenzi ambayo mafundi wengi huyapuuza ni haya. Gata liwe na mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 1, lisiwe limelala, la sivyo maji yanatuama na mbu wanazaa. Kama huna gata la dukani, bomba la plastiki la inchi 4 likipasuliwa katikati kwa msumeno linafanya kazi hiyo hiyo. Upepo wa bahari unakula bati haraka, hivyo nunua bati nene na paka rangi mikato na matundu ya misumari. Paa la makuti halifai kwa maji ya kunywa: maji hutoka na rangi ya chai, yamebeba vumbi na wadudu. Mwenye makuti anaweza kufunga turubai safi pembe nne kati ya miti wakati wa mvua, kulielekeza kwenye pipa, kisha kulikunja mvua ikiisha. Au kijiji kikubaliane kutumia mabati ya shule, zahanati na msikiti, ambayo ni mapana kuliko ya nyumba yoyote.

Maji ya mwanzo yasiingie tangini. Hapo ndipo usafi wote ulipo. Kunguru wametua juu ya bati miezi minne, paka wamepita, vumbi limelala, na mvua ya kwanza inaosha vyote kwa pamoja. Kabla bomba la kutoka kwenye gata halijafika tangini, weka tii, na upande wa chini wa tii uning'inize bomba la inchi 4 lililosimama wima, limefungwa chini kwa kizibo cha kufungua kwa mkono. Maji machafu yatajaza kwanza bomba hilo. Likijaa, yanayofuata yanapita juu yake na kuingia tangini. Mita moja ya bomba la inchi 4 inabeba karibu lita 8, na kwa paa letu la mita za mraba 48 tunataka kutupa lita 24, kwa hiyo bomba liwe na urefu wa mita 3. Paa likiwa fupi, pindisha bomba hilo au weka mawili. Mvua ikiisha fungua kizibo, utoe ule uji wa rangi ya kahawia, uoshe, ufunge tena. Mtoto wa miaka kumi anaweza kupewa kazi hiyo, na akiuona uji huo mara moja hatasahau.

Mdomo wa tangi ufunikwe kwa wavu mwembamba. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake anapenda maji safi yaliyotulia. Na tahadhari moja ya uzito: lita 5,000 ni tani 5. Watu wa Rufiji ni mafundi wa madungu, wanajua kupandisha kibanda juu ya nguzo mafuriko yakaja na kupita, lakini tani 5 hazikai juu ya nguzo za dungu. Jenga kitako cha mawe au tofali kilichojazwa udongo ulioshindiliwa, kipande juu ya alama ya mafuriko unayoikumbuka, na lifunge tangi kwa kamba, maana tangi tupu likikutana na maji linaelea na kuondoka.

Dumu

Maji yanaweza kuwa safi kisimani na machafu mezani, na katikati ya hapo kuna dumu. Delta inaishi kwa injini za boti, na madumu ya petroli na ya maji yanafanana rangi na umbo. Dumu lililowahi kubeba petroli au dizeli lisibebe maji ya kunywa hata likioshwa kwa sabuni na mchanga na kuanikwa wiki nzima. Plastiki hunywa mafuta na kuyarudisha kidogo kidogo. Fungeni kitambaa chekundu shingoni mwa madumu ya mafuta, kijiji kizima alama moja, na dumu la maji lisiwekwe chini ya chombo ambako maji machafu na mafuta hukusanyika.

Nyumbani, chombo chenye mdomo mwembamba au chenye koki kinashinda ndoo pana. Kata ikitumbukizwa na mkono hutumbukia. Kama mtungi ndio uliopo, kata yake iwe na mpini mrefu, itundikwe ukutani, isilazwe juu ya kifuniko.

Kinachoua vijidudu hakiondoi chumvi

Wengi huchanganya hapa. Kuchemsha, dawa ya klorini na jua vinaua vijidudu. Hakuna hata kimoja kinachopunguza chumvi. Kuchemsha kunaizidisha, kwa sababu mvuke unaondoka na chumvi inabaki. Ukiwa na maji ya kisima yanayosoma 900 ukayachemsha sana, unaweza kuishia na sufuria isiyonyweka. Acha yachemke kweli kweli, mapovu makubwa yapande, kisha ondoa. Hilo linatosha, na linaokoa kuni. Kuni zenyewe si jambo dogo katika vijiji vilivyozungukwa na mikoko ambayo ni hifadhi ya misitu na haikatwi bila kibali.

Vidonge vya WaterGuard au klorini ya maji ni rahisi zaidi kwa safari na kwa nyumba yenye watu wengi. Soma pakiti, maana nguvu hutofautiana, na subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yenye tope yanakula dawa kabla dawa haijala vijidudu, kwa hiyo yatulize kwanza: yaache usiku mzima, mimina ya juu, chuja kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne. Mbegu za mlonge zilizomenywa na kutwangwa husaidia tope kutuama. Shabu nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Baada ya hapo ndipo dawa.

Njia ya jua haina gharama. Jaza chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizozidi lita 2, zilaze juu ya bati saa 6 za jua kali, au siku 2 kukiwa na mawingu. Simamisha chupa juu ya kichwa cha habari cha gazeti na utazame kwa kupitia mdomo wake. Kama herufi hazisomeki, maji bado yana tope na jua halitapenya.

Na chumvi je? Kuna sanduku la jua la kukusanya mvuke: beseni jeusi la maji ya chumvi, kioo kimeinama juu yake, matone yanateremka kwenye mfereji. Mita 1 ya mraba hutoa lita chache tu kwa siku yenye jua zuri. Linafaa kwa mgonjwa au kwa mtoto mchanga nyumba ikiishiwa, halitalisha familia.

Neno kwa wahudumu wa afya: maji ya chumvi si suala la ladha tu. Huko Bangladesh, katika eneo la Dacope ambalo nalo ni delta iliyoingiwa na bahari, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulihusisha chumvi ya maji ya kunywa na shinikizo la damu kwa wajawazito, zaidi katika miezi ya kiangazi. Mama akija kliniki mwezi wa Oktoba na presha imepanda, pamoja na maswali mengine, muulize anakunywa maji gani. Andika jibu kwenye kadi yake. Nitaeleza kwa nini kuandika kuna maana.

Mafuriko yakipita, kama yale ya Aprili 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti, kisima kilichofunikwa hakinyweki hata maji yakionekana meupe. Kichoteni chote, kisugueni, bwana afya atoe kipimo cha klorini, ikae usiku kucha, kisha mchote tena hadi harufu kali iishe.

Sasa lile daftari

Tarehe 28 Julai 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 64/292 linalotambua maji salama ya kunywa na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Nchi 122 zilikubali, hakuna iliyokataa, na 41 hazikuegemea upande wowote. Tanzania ilikuwa miongoni mwa hizo 41. Kenya pia, lakini mwezi uliofuata Wakenya walipata katiba mpya ambayo ibara yake ya 43 inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Botswana nayo haikuegemea upande, na Januari 2011 Mahakama yake ya Rufani ililitaja azimio hilo hilo ilipowapa Wasani wa Kalahari haki ya kutumia kisima ambacho serikali ilikuwa imekifunga. Katiba ya Tanzania ya 1977 haitaji maji kwa jina katika haki za mtu, ingawa ibara ya 14 inalinda haki ya kuishi.

Nasema haya ili usiende kwenye mkutano wa kijiji ukiwa na azimio la New York mkononi. Halitakusaidia sana pale. Kinachosaidia ni Sera ya Taifa ya Maji ya 2002, kwa sababu iliweka vipimo vinavyoshikika: mkazi wa kijijini apate lita 25 za maji safi kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400 kutoka kwake, kituo kimoja kisihudumie zaidi ya watu 250, na maji hayo yawepo mwaka mzima. Maneno mawili ya mwisho ndiyo silaha ya Delta. Kisima kinachonyweka miezi saba hakijafikia kipimo cha Serikali yenyewe.

Fungueni basi daftari lenu. Kila kitongoji kimpe kazi mtu mmoja anayeandika vizuri, kuanzia Julai hadi mvua za vuli zishike. Mstari mmoja kwa siku moja ya wiki unatosha, mradi siku isiruke. Mfano: «Septemba 3. Maji mafu. Kisima cha msikitini, 1,850, sabuni haitoi povu. Kaya nne zimefuata maji kwa boti: kutoka saa 11 alfajiri, kurudi saa 4 asubuhi. Madumu 16. Petroli wamechangia, kiasi hiki.» Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ni kwamba safari ya maji, kwenda na kurudi pamoja na foleni, isizidi dakika 30. Hiyo ya mfano ni saa 5. Na familia ya watu 6 kwa lita 25 kila mmoja inastahili lita 150 kwa siku, madumu saba na nusu ya lita 20. Hesabu wanayopata, andika pembeni yake.

Msiongeze chumvi kwenye namba, iliyopo inatosha. Mstari mmoja wa uongo ukigunduliwa unaua mingine yote.

Daftari hilo lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Kusoma peke yake hakutoshi. Mtendaji aandike kwenye muhtasari kwamba mkutano umeazimia visima fulani vihesabiwe kuwa havitoi huduma kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani, na mpewe nakala yenye muhuri. Nakala moja kwa diwani, aipeleke Kamati ya Maendeleo ya Kata na Baraza la Madiwani. Nyingine kwa meneja wa RUWASA wa wilaya. Wakala huo wa maji vijijini ulianzishwa kwa Sheria ya Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, na ndio wenye jukumu la huduma hii pamoja na chombo cha watumia maji cha jamii yenu. Muda nao una maana. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na Bunge la bajeti huanza vikao vyake Aprili, kwa hiyo muhtasari ulioandikwa Novemba, chumvi ikiwa bado mdomoni, ufike wilayani kabla ya mwaka mpya. Ukifika Mei, unasubiri mwaka mwingine.

Mkitaka kujua kijiji chenu kimeandikwaje kwenye takwimu, ombeni kwa barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 kujibu raia. Barua iwe ya mistari minne, iombe kitu kimoja: orodha ya vituo vya maji vya kijiji, hali iliyoandikwa kwa kila kimoja, na majibu ya kipimo cha mwisho cha ubora wa maji. Ikikaliwa kimya, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko bila malipo.

Siku moja mradi utakuja. Sijui utakuwa wa kisima kirefu au wa mashine ya kuondoa chumvi inayoendeshwa kwa umeme wa jua, kama ile iliyofungwa Kiunga, pwani ya kaskazini ya Kenya, mwaka 2018. Msishangilie kabla ya kuuliza. Kisima kirefu kipimwe kwa kuvutwa saa nyingi mfululizo, mwishoni mwa kiangazi, siku za bamvua, na karatasi ya majibu ibandikwe ofisi ya kijiji. Kipimo cha mwezi wa Mei msikikubali. Kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji kionyeshwe. Kama ni mashine, muulizeni mkandarasi maji ya chumvi kali yanayobaki atayamwaga wapi, maana yakimwagwa kwenye mchanga karibu na visima vyenu mmejimaliza wenyewe. Ulizeni dumu litauzwa kiasi gani na nani amepanga bei, na asiye na senti atapewa kwa utaratibu upi. Kisha kabla hajafunga mabomba, mbele ya mkutano na mtendaji akiandika: vichujio vikichakaa vinapatikana wapi, fundi atatoka Kibiti au Dar es Salaam, na nauli ya boti yake analipa nani?